Barua kwa Mjomba: Datsun Imefika Nairobi na Kurudi

Mombasa

Mjomba,

Gari lako ni zima, na injini inaitika kuliko siku uliyonikabidhi funguo. Najua hilo ndilo ulilokuwa ukilisubiri, kwa hiyo nimelitanguliza hata kabla ya salamu za jamaa wa Nairobi, ambao wote wanakuulizia. Sasa nimetua Mombasa nipumzike kidogo kabla ya kuvuka Likoni na kuteremka Lunga Lunga kuja Horohoro. Ukipiga simu utaniuliza maswali mengi kwa mpigo mmoja, nami sitamaliza hata moja. Heri niandike, usome ukiwa umetulia na kahawa yako.

Nianze na njia. Kutoka Tanga mpaka Mombasa sikuwa na la kulalamikia. Barabara ni tambarare, hewa ya bahari ni nzito, na Datsun 1600 SSS yako ilikwenda vizuri. Mambo yalianza kubadilika baada ya Mariakani. Unaijua barabara ile, malori yanapangana kutoka bandarini mpaka mpakani mwa Uganda, na anayetaka kuyapita sharti awe na injini inayovuta mara moja. Yetu haikuvuta. Ukikanyaga mafuta katika gia ya tatu, chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika, ilikuwa inanguruma bila kusogea, kisha ikipita hapo inachangamka ghafla. Voi nikavumilia. Baada ya Mtito Andei, ambapo nchi inaanza kupanda kwelikweli kuelekea Emali na Sultan Hamud, nililazimika kurudisha gia kila kilima.

Sehemu ya kosa ni mwinuko wenyewe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana silinda inajaa hewa kidogo. Kabureta nayo inaendelea kumwaga petroli kama vile bado iko Tanga, ndiyo maana plagi zilikuwa nyeusi nilipozifungua. Kila niliyemweleza alisema ni kabureta tu. Lakini tabia ile ya kulala chini na kuamka juu ilikuwapo tangu Mariakani, kabla ya milima, na wewe mwenyewe umewahi kuniambia kwamba gari halijawa sawa tangu kamshafti ilipochongwa upya na silinda hedi ikapitishwa mashineni.

Gereji tuliyoelekezwa kwa ajili ya kufunga gia mpya ya kamshafti iko Industrial Area. Nilipitia kwanza Kirinyaga Road kutafuta gasketi ya kava ya vali, na huko Mjomba ungeweza kukaa mpaka jua lizame. Maduka yamebanana, kila moja na chuma chake, na muuzaji anakutajia spea ya gari la miaka hamsini iliyopita bila kufungua kitabu. Gasketi nilipata. Gia yenyewe ya kamshafti, ile ya kurekebishika, tulikuwa tumekwisha kuiagiza Japani, ambako karakana kama Kameari bado zinatengeneza vifaa vya injini za familia ya L kama yetu kana kwamba Datsun haijaacha kuzaliwa.

Fundi ni mtu mzima, mpole, asiyependa haraka. Alipoona 1600 SSS inaingia getini aliacha alichokuwa akifanya, akaja kuizunguka. Tukaanza habari za Safari Rally, nami nikamweleza jinsi ulivyokuwa ukitusimulia enzi ilipokuwa mbio ya Afrika Mashariki nzima, Kenya, Uganda na Tanzania. Akataja yote kwa miaka yake: 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari kama hili hili, 1600 SSS, mwaka uliofuata wakarudi na 240Z wakashinda tena, 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström, naye pia katika Datsun, kisha Mehta huyo huyo, mzaliwa wa Uganda, akatwaa ushindi mara nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982 kwa 160J na Violet GT. Fundi alisisitiza jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria. Injini hizi ni za familia moja. L16 yetu yenye silinda nne ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, na L24 ya 240Z ina vipimo hivyo hivyo, ila silinda ni sita. Anayejua kuiweka sawa moja anaijua na nyingine.

Nikamtolea gia mpya mfukoni. Akaipokea, akaigeuza, akaisifu, akaiweka mezani. Akasema hatufungi kitu mpaka tupime kilichopo. Mjomba, nimewaona mafundi wengi, lakini hapo ndipo nilipomwamini huyu.

Hebu nikueleze kwa nini. Gia ya kamshafti ya kiwandani ya injini hizi ina matundu matatu ya pini, yamepigwa namba 1, 2 na 3. Nissan waliyaweka kwa sababu cheni ya taimingi hurefuka kwa kutumika, na ikirefuka kamshafti inachelewa nyuma ya krenki. Ukihamisha pini kutoka tundu la 1 kwenda la 2 unaiwahisha kamshafti kama digrii 4 za krenki, na la 3 nyingine kama 4. Nyuma ya gia kuna kialama, na kwenye bamba linaloishika kamshafti kuna mstari. Ukilinganisha hivyo viwili pistoni ya kwanza ikiwa juu, unaona kama cheni imelegea kiasi cha kuhama tundu. Kwa hiyo gari lako lilizaliwa na gia ya kurekebishika! Lililokosekana ni mtu wa kuitumia. Sisi tulikuwa tundu la 1 miaka yote.

Lakini ule mstari unakueleza habari za cheni tu. Haukuelezi aliyechonga kamshafti aliziweka wapi nundu zake ukilinganisha na pini, wala haukuelezi silinda hedi ilichongwa kiasi gani. Na hedi ikichongwa, kamshafti inasogea karibu na krenki, cheni inapata ulegevu, tenshona inaunyonya upande wa pili, na kamshafti inabaki nyuma. Fundi alikadiria karibu digrii 2 za krenki kwa kila milimita moja inayoondolewa. Dawa yake halisi ni kuweka vibamba vyembamba chini ya nguzo zinazobeba kamshafti ili kurudisha kimo, maana katika injini hizi nguzo hizo hufungwa kwa boliti na zinatoka. Aliyechonga yetu hakuweka. Hilo lilifanyika kabla yangu na sina la kuongeza, ila kwamba kila anayepeleka hedi mashineni na aulize swali hilo kabla ya kulipa.

Kupima kwenyewe kulichukua muda mrefu kuliko kufunga, na naomba unisikilize hapa kwa sababu ndipo kazi yote ilipo.

Kwanza alifunga sahani ya digrii kwenye puli ya krenki, duara kubwa la bati lenye namba kuanzia 0 mpaka 360, na waya uliokunjwa kuwa mshale. Kisha kutafuta mahali pistoni ya kwanza inapofika juu kabisa. Alama ya puli hakuiamini, wala bisibisi tundani mwa plagi. Pistoni ikikaribia juu inasimama kama haisogei kwa digrii kadhaa, na jicho haliwezi kusema katikati ni wapi. Alichofanya ni kufunga kizuizi katika tundu la plagi, chuma kinachoigusa pistoni kabla haijafika juu. Akazungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ikagonga kizuizi taratibu, akasoma namba. Akazungusha upande wa pili mpaka ikagonga tena, akasoma. Katikati ya namba hizo mbili ndiyo juu halisi. Akaisogeza sahani mpaka mshale ukaelekea sifuri, akarudia tena kuhakikisha.

Halafu akaweka geji ya saa kwenye kofia ya springi ya vali ya kuingiza hewa ya silinda ya kwanza, baada ya kuondoa ulegevu wote wa tapeti. Akazungusha krenki uelekeo inaozunguka injini, uelekeo huo tu. Akipitiliza harudi kidogo. Anarudi nusu mzunguko kisha anakuja upya, ili cheni ibaki imevutika upande ule ule kama injini ikifanya kazi. Kilele cha vali nacho hakisomeki kwa jicho, kwa hiyo akasoma digrii wakati vali iko milimita 1 kabla ya kilele na milimita 1 baada ya kilele, akajumlisha, akagawa kwa mbili. Ikaja digrii 114 baada ya pistoni kupita juu. Akarudia. Ikaja 114.

Karatasi ya aliyechonga kamshafti, ile uliyoihifadhi kwenye kitabu cha gari na nikakushukuru kimoyomoyo, inataka 108. Tulikuwa tumechelewa digrii 6. Vali ya kuingiza hewa ilikuwa inafunga kwa kuchelewa, pistoni ikiwa imekwisha kuanza kupanda, na kwa mwendo wa chini mchanganyiko ulikuwa unarudishwa nje kwenye manifoldi badala ya kubanwa. Hiyo ndiyo sababu ya kulala chini na kuchangamka juu. Kabureta ilikuwa na kosa lake, lakini si hili.

Hesabu ya matundu sasa ni rahisi: la 2 lingetupa 110, la 3 lingetupa 106. Fundi akaniambia wazi kwamba angeweza kuhamia mojawapo na nirudi na gia yangu mfukoni, na gari lingekuwa zuri. Alitaka nilijue hilo. Mimi nikamwomba tufunge mpya, kwa sababu nilitaka 108 kamili, na kwa sababu tulikuwa tumepanga kujaribu na digrii nyingine barabarani.

Kutoa gia ya zamani kuna hatari moja ambayo imewaliza wengi. Tenshona ya cheni iko ndani nyuma ya kava la mbele, inasukumwa na springi na oili. Ukiitoa gia bila kuizuia, cheni inalegea, kitufe cha tenshona kinaruka nje, na hapo huna budi kuvua kava la mbele lote, pamoja na rejeta na puli. Fundi ana kabari ya mbao ngumu, ndefu, nyembamba chini na nene juu, ameifunga waya kichwani isije ikapotelea ndani. Anaiteremsha katikati ya pande mbili za cheni mpaka inakaza kabisa. Aliniambia ameshaichonga upya mara nyingi maana oili huilainisha. Mjomba, ukifanya kazi hii peke yako, chonga kabari kwanza, spana baadaye.

Boliti ya katikati inashikilia vitu viwili, gia na kile kidude cha duara kisicho katikati kinachosukuma pampu ya petroli. Vyote vikatoka. Gia mpya ina sehemu mbili: kitovu kinachokaa juu ya kamshafti, na pete ya meno inayoweza kuzunguka juu ya kitovu hicho kwa digrii chache, kisha inabanwa na boliti ndogo zinazopita katika matundu marefu. Fundi alipima nafasi kati ya gia na kava, na mahali pampu ya petroli inapogusa kidude chake, kabla ya kukaza chochote. Pia akaniuliza vialama vilivyochorwa kwenye gia ni digrii za krenki au za kamshafti. Swali zuri sana hilo. Kamshafti inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo kialama cha digrii 1 ya kamshafti ni digrii 2 za krenki, na anayekosea hapo anasogeza maradufu ya alichokusudia. Jibu lilikuja kutoka kwenye sahani: akasogeza kialama kimoja, akapima upya, akaona.

Tukaifikisha 108. Kisha, kwa kuwa kuiwahisha kamshafti kunaisogeza vali ya kuingiza hewa karibu na pistoni, akataka kuhakikisha nafasi. Hedi hakuivua. Aliweka springi laini ya majaribio katika vali za silinda ya kwanza, akazungusha krenki mpaka digrii 10 hivi baada ya juu, akaisukuma vali kwa kidole mpaka iguse pistoni, na geji ikasema imebaki nafasi kiasi gani. Anataka isipungue milimita 2 upande wa kuingiza, na 2.5 upande wa kutolea moshi kwa sababu vali hiyo hupata moto na kurefuka. Tulikuwa na zaidi ya hapo. Waliochongewa hedi kupita kiasi ndio wa kuogopa hatua hii.

Boliti ndogo zilipakwa gundi ya kuzuia kulegea, moja moja, gia ikiwa safi bila oili. Boliti kubwa ya katikati inakazwa kilogramu-mita 12 mpaka 16, na si ya kukisia kwa mkono. Kabari ikavutwa. Krenki ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, akapima tena, bado 108. Tapeti zikawekwa upya, injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea. Ndipo tukapiga stata.

Distribyuta hatukulazimika kuigusa. Katika injini za L inaendeshwa kutoka kwenye krenki, kwa hiyo ukisogeza kamshafti moto wa plagi unabaki palepale. Nakutajia hilo kwa ajili ya yule rafiki yako mwenye Corolla yenye injini ya 4A-GE. Yake distribyuta inaendeshwa na kamshafti. Akiisogeza kamshafti hiyo, moto nao unahama, na asipoweka taimingi upya kwa taa hatajua kilichobadilika ni nini. Tena yeye ana kamshafti mbili, ya kuingiza na ya kutolea, kila moja na gia yake, kwa hiyo anaweza kubadilisha muda ambao vali zote mbili ziko wazi kwa pamoja. Sisi tuna moja tu. Tukiwahisha, zote zinawahi; tukichelewesha, zote zinachelewa.

Majaribio tuliyafanyia bondeni. Tulishuka kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, pale penye kanisa dogo walilojenga wafungwa wa vita wa Kitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakijenga barabara yenyewe. Longonot iko mbele yako muda wote, mita 2,776, na bonde limefunguka mpaka Naivasha. Ni mahali pa kutetemesha moyo, Mjomba, na natamani ungekuwapo. Lakini tulikuwa kazini. Tuligeuza chini, tukapanda mlima nyuma ya lori la saruji, na pale lilipotupa nafasi nikakanyaga nikiwa gia ya tatu, mizunguko 2,000. Gari likavuta. Halikusubiri, halikunguruma bure, lilishika mlima na kulipita lori bila mimi kugusa gia. Nilipiga kelele garini kama mtoto.

Tulirudi gereji, tukasogeza mpaka 104, tukaenda tena. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kutoka 114 mpaka 108 gari lilikuwa jingine. Kutoka 108 mpaka 104 tofauti ilikuwa ndogo sana: chini kidogo lilikaza, lakini juu ya 5,000 lilichoka mapema. Fundi alinitazama tu, akasema wengi hununua gia hii wakidhani imebeba nguvu ndani yake. Nami naungana naye kabisa. Gia haina nguvu yoyote. Inakuwezesha kuifikisha kamshafti mahali aliyeichonga alipokusudia, na asiyepima hajui alipo wala anakokwenda. Tukarudisha 108, na huko itakaa.

Kabureta tulizirekebisha pia, zile Hitachi mbili, kwa kupandisha nati za chini ili kupunguza petroli kwa hewa ya Nairobi. Wakati wa kurudi nilisimama Mtito Andei nikazishusha tena kiasi alichoniandikia, kwa sababu mchanganyiko wa bara ukija nao pwani ni mkavu mno, injini inapata joto na kugonga. Baada ya hapo Voi, Maungu, Mariakani, malori yale yale, nami nikiyapita kwa gia ya nne.

Mwambie mzee mwenzako mwenye 160J asiagize gia. Kamshafti yake ni ya kiwandani na hedi haijaguswa. Matundu matatu yanamtosha, na atakalohitaji ni kabari na subira. Nitamkopesha sahani ya digrii, fundi amenichongea ya ziada.

Nikifika nitafungua kava tuangalie boliti ndogo pamoja na tapeti, kama fundi alivyoagiza baada ya kilomita za mwanzo. Tafadhali mwambie shangazi ninaleta majani ya chai ya Limuru aliyoyataka. Na usiazime mtu yeyote ile spana ya kupimia mkazo, tutaihitaji.

Wasalaam,
Mpwa wako